Hamsini na Mbili Kutoa Ishirini na Saba

Ndani ya daftari langu la maandalio ya masomo nimehifadhi karatasi moja yenye hesabu sita za kutoa, zilizofanywa kwa penseli na mtoto wa darasa la tatu ambaye jina lake sitalitaja. Ya kwanza ni 68 kutoa 25, naye ameandika 43. Ya pili ni 52 kutoa 27, ameandika 35. Ya tatu ni 84 kutoa 39, ameandika 55. Ya nne ni 70 kutoa 23, ameandika 53. Ya tano ni 96 kutoa 42, ameandika 54, na ya mwisho ni 61 kutoa 18, ameandika 57. Nilizisahihisha usiku kwa taa ya sola, huku madaftari mengine zaidi ya themanini yakinisubiri. Nilitia vema mbili na makosa manne, nikaandika chini yake "Ongeza bidii", nikafunga. Maneno hayo mawili yananiuma mpaka leo, kwa sababu mtoto yule hakupungukiwa na bidii hata kidogo.

Alikuwa na kanuni. Katika kila safu alitafuta tarakimu ndogo akaitoa kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Mbili kutoa saba haiwezekani, ndivyo alivyoambiwa tangu darasa la kwanza, basi akageuza: saba kutoa mbili ni tano. Ukiifuata kanuni yake safu kwa safu, utaona kwamba hakukosea hata mara moja katika hesabu zote sita. Aliifuata kwa uaminifu ambao ningefurahi kuuona kwa watoto wote, ila kanuni yenyewe ndiyo iliyokuwa na kasoro, na mimi niliyekuwa na jukumu la kuiona sikuiona.

Niliigundua wiki tatu baadaye, na aliyenionyesha hakuwa mwalimu mwenzangu wala mthibiti ubora, bali jedwali la majibu lililotunzwa ndani ya kishikwambi. Ndiyo sababu ninaandika makala hii. Ninaamini kompyuta zina nafasi kubwa katika kumsaidia mtoto mmoja mmoja kujifunza, lakini nafasi hiyo siyo ile tuliyoahidiwa siku vifaa vilipoletwa.

Shule ninayofundisha ipo mkoani Tanga, na darasa langu lina watoto 84. Miaka michache iliyopita tulipata vishikwambi 12 kutoka kwa mfadhili, vikiwa vimepakiwa programu ya kusoma na kuhesabu isiyohitaji intaneti. Kila mtoto ana picha yake ndani ya kishikwambi. Akiigusa, programu inamfungulia pale alipoishia. Akikosea mara kadhaa inamrudisha kwenye maswali mepesi, na akipatia inampandisha. Mtu aliyekuja kutuelekeza alisema kwamba sasa kila mtoto atakuwa na mwalimu wake mwenyewe, nasi tulifurahi kwa moyo wote, maana mwalimu mwenye watoto 84 anajua kuliko mtu yeyote ni nini hawezi kukifanya.

Jioni moja, nikiwa nimebaki ofisini kusubiri vishikwambi vijae chaji, nilifungua ukurasa wa kumbukumbu za wanafunzi, ambao kwa kweli sikuwahi kuufungua hapo kabla. Rekodi za mtoto yule zilipanda na kushuka kama maji ya bahari. Hesabu za tarakimu mbili zisizo za kukopa alizipata zote, akapewa nyota, akapandishwa kwenye hesabu za kukopa. Huko alikosa zote, akarudishwa kwenye zisizo za kukopa, akazipata zote tena, akapewa nyota nyingine, akapandishwa tena. Alizungushwa hivyo kwa wiki tatu nzima. Programu ilihesabu kwa usahihi ni mara ngapi amekosa, lakini haikuwa na njia ya kutambua amekosa nini. Nilipogusa kosa moja moja ili nione majibu aliyoyaandika, nikakutana na 35, 55, 53, nami nikaikumbuka ile karatasi.

Kesho yake nilimwita mapema, kabla ya kengele ya mstarini. Nilimpa vijiti vya chelewa, vile tunavyotengenezea fagio, tukavifunga kwa mipira mafungu matano ya kumi kumi, na viwili tukaviacha bila kufungwa. Nikamwambia anipe 27. Alinipa mafungu mawili haraka, kisha akavishika vile vijiti viwili, akavitazama, akanitazama. "Havitoshi, mwalimu." Nikamuuliza tufanyeje. Alikaa kimya muda mrefu, mkono wake ukipita juu ya mafungu bila kuyagusa, halafu akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba ruhusa ya kuharibu kitu: "Naweza kufungua?" Nikamjibu kwamba vijiti ni vyake. Akavuta mpira wa fungu moja, vijiti kumi vikatawanyika juu ya meza, naye akahesabu saba, akanipa, akabaki na mafungu mawili na vijiti vitano. Alivihesabu mara mbili kabla ya kuandika 25.

Kazi ile ilichukua chini ya dakika kumi. Kilichonikosesha usingizi ni zile wiki tatu zilizotangulia, pamoja na muhula mzima kabla yake, ambapo mtoto alikuwa anahitaji dakika kumi tu na hapakuwa na mtu aliyejua ni dakika zipi.

Jambo hili si geni kwa wanaolichunguza. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha kazi yao kuhusu programu iliyoitwa BUGGY. Kompyuta ilijifanya mwanafunzi mwenye kanuni fulani potofu ya kutoa au kujumlisha, na mwalimu mtarajiwa akatakiwa kumpa hesabu, kutazama majibu yake na kuitambua kanuni hiyo mpaka aweze kutabiri jibu litakalofuata. Katika kazi yao walichambua pia majibu ya watoto zaidi ya elfu moja wa Nikaragua, wakaonyesha kwamba makosa mengi ya kutoa hayatokani na uzembe wala kubahatisha. Yana mpangilio, na mtoto huyarudia kwa sababu kwake yeye hiyo ndiyo njia. Kutoa ndogo kwenye kubwa ni moja ya kanuni walizoziorodhesha. Nilipolisoma jambo hilo nilifarijika na kusikitika kwa pamoja: nilifarijika kwamba mwanafunzi wangu anafanana na watoto wa kule mbali, nikasikitika kwamba elimu hiyo imekuwapo tangu 1978 na bado programu iliyo mezani kwangu inahesabu nyota.

Kwa hiyo, mtu akiniambia kwamba programu fulani "inamfuata mtoto mmoja mmoja", namuuliza inamfuata kwa jambo gani. Kumfuata kwa mwendo ni jambo moja: anayekwenda pole pole apewe muda, anayekimbia asizuiwe. Hilo lina thamani, na darasa la watoto 84 haliwezi kulitoa. Kuifuata fikra ya mtoto ni jambo jingine gumu zaidi, na programu nyingi zinazoletwa kwetu zinafanya lile la kwanza huku zikitangazwa kana kwamba zinafanya la pili.

Mkoa wetu wa Tanga una historia yake katika habari hii, na ningependa walimu wengi zaidi waifahamu. Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la dola milioni 15 la kutengeneza programu huria ambazo zingemwezesha mtoto asiyefikiwa na shule kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Fedha za zawadi zilitoka kwa Elon Musk. Programu tano zilizofika fainali zilipakiwa kwenye vishikwambi vya Pixel C vilivyotolewa na Google, na kuanzia mwishoni mwa 2017 takriban watoto 3,000 katika vijiji karibu 170 vya mkoa huu walivitumia kwa miezi 15, kwa Kiswahili, wakichaji kwenye vituo vya umeme jua. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania walishirikiana katika zoezi hilo. Tarehe 15 Mei 2019 zilitangazwa washindi programu mbili zilizolingana: Kitkit School, iliyotengenezwa na kundi lenye makao Berkeley na Seoul, na ile ya onebillion ya London.

Kwa mujibu wa waandaaji, asilimia 74 ya watoto hao walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Nimeyatafakari matokeo haya mara nyingi, na kila mara naona mambo mawili yanayopaswa kushikwa kwa pamoja. Mtoto ambaye hakuwa na mwalimu, aliyekaa chini ya mwembe na kifaa mapajani mwake, akajifunza kusoma maneno ya lugha yake. Hilo ni jambo kubwa, na anayelidharau hajawahi kukaa na mtoto wa miaka tisa asiyejua herufi. Wakati huo huo, karibu nusu ya watoto walimaliza miezi 15 bila kuweza kusoma neno hata moja. Mashine peke yake iliwafikisha baadhi yao, na wengine ikawaacha palepale. Mimi nawafikiria hao walioachwa, kwa kuwa ndio ninaowapokea darasani: kila mmoja ana mahali alipokwama, na mahali hapo panahitaji mtu wa kupatazama.

Hoja ya thamani ya mwalimu wa mtoto mmoja ilipata nguvu mwaka 1984, pale Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alipoandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake kwa utaratibu wa kuhakikisha ameelewa kabla ya kuendelea aliwapita takriban asilimia 98 ya wanafunzi wa darasa la kawaida. Tafiti za baadaye hazikupata tofauti kubwa kiasi hicho. Mwaka 2011 Kurt VanLehn alizipitia tafiti nyingi akaona faida ya mwalimu binafsi ni ndogo kuliko alivyosema Bloom, ingawa bado ni kubwa, na kwamba programu zilizotengenezwa kwa uangalifu kufuatilia kila hatua ya hesabu ya mwanafunzi ziliukaribia sana msaada wa mwalimu huyo. Ninasisitiza maneno "kila hatua". Programu inayotazama jibu la mwisho peke yake ilibaki nyuma, nami nimeiona sababu kwa macho yangu.

Mfano unaonipa matumaini zaidi unatoka Delhi, India. Mwaka 2015 wanafunzi wa darasa la sita hadi la tisa walihudhuria vituo vya baada ya masomo vilivyotumia programu iitwayo Mindspark, ambayo iliwapima kwanza na kugundua kwamba wengi wao walikuwa nyuma ya darasa lao kwa miaka kadhaa. Kwa dakika 45 mwanafunzi alikaa na programu iliyoanzia pale alipo kweli, na kwa dakika 45 nyingine alikaa katika kundi dogo na msaidizi. Baada ya miezi minne na nusu hivi, walifanya vizuri kwa kiasi kikubwa katika hesabu na katika Kihindi kuliko wenzao waliokosa nafasi kwa kura. Tazama mpangilio huo: programu iliandikwa kwa lugha ya watoto, ilianzia walipokwama badala ya kuanzia pale mtaala unapodai wawe, na kando ya mashine alikuwapo mtu.

Nimetaja lugha, na hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu ni sehemu ambayo watengenezaji wengi wanaipita haraka.

Programu nyingi tunazopewa "kwa Kiswahili" zimebeba mifupa ya Kiingereza. Zinaanza na herufi moja moja, kila herufi na picha yake, kama vile mtoto anajiandaa kusoma lugha ambayo herufi moja ina sauti nne. Kiswahili hakisomwi hivyo. Mtoto wetu anajifunza kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu, na akishazishika, anasoma neno ambalo hajawahi kuliona maishani, maana neno linatamkwa kama lilivyoandikwa. Ugumu wake upo kwingine. Upo kwenye mb, nd, nj na ng. Upo kwenye tofauti ya ng na ng', ambayo inatenganisha ngoma na ng'ombe. Upo kwenye m inayosimama yenyewe kama silabi katika mtu na mti. Programu iliyotafsiriwa haijui kwamba hapo ndipo mtoto atakapojikwaa, hivyo haimpi mazoezi ya kutosha hapo, na inampa mazoezi tele mahali ambapo hana tatizo lolote. Wapo pia watoto wengi nchini ambao lugha ya nyumbani haitenganishi l na r. Mtoto wa namna hiyo akiandika "kurara", programu inamwambia amekosa kusoma, ilhali amesoma vizuri na anachohitaji ni sikio la mtu wa kumsaidia kuzisikia sauti mbili tofauti.

Katika hesabu jambo ni zito zaidi, nami sikuliona mpaka nilipokaa na vijiti vya chelewa. Mfikirie mtoto anayeambiwa "hamsini na mbili". Neno hamsini limetoka katika Kiarabu, na ndani yake hakuna tano yoyote anayoweza kuisikia. Ishirini haina mbili, thelathini haina tatu, arobaini haina nne, themanini haina nane. Sitini, sabini na tisini zinampa fununu kwa sababu sita, saba na tisa nazo zimetoka huko huko. Lugha nyingi za Kibantu bado husema wazi "makumi matano", na hata Kiswahili tunalo neno mwongo, wingi wake miongo, lililotumika kuhesabia makumi ya siku. Mtoto wa Kiingereza anasikia jamaa ya tano ndani ya neno lake la hamsini, na programu aliyotengenezewa inategemea jambo hilo bila kulitaja. Ikishatafsiriwa, sauti inasema "hamsini" huku skrini ikionyesha mafungu matano, na hakuna anayemwambia mtoto kwamba hivi viwili ni kitu kimoja. Sikushangaa tena kwamba mwanafunzi wangu aliiona 52 kama tarakimu mbili zilizosimama jirani, kila moja na maisha yake. Siku hizi darasani kwangu tunazisema namba mara mbili: hamsini na mbili, makumi matano na mamoja mawili. Ningetamani programu nazo ziseme hivyo, na kurekodi sauti hizo si kazi ya fedha nyingi.

Nisieleweke vibaya kwamba ninavikataa vifaa. Nimeona pia vifaa visivyotumika, na uchungu wake ni mkubwa. Shule moja niliyowahi kufundisha ilipokea kompyuta za mezani, zikafungiwa katika ofisi kwa hofu ya kuibiwa na kuharibika, zikafunikwa vitambaa vilivyodariziwa, zikatolewa siku za wageni. Zilipokuja kuwashwa, nyingi hazikuwaka. Walioogopa hawakuwa watu wabaya. Hakuna aliyewaambia kwamba kompyuta iliyochakazwa na mikono ya watoto imefanya kazi yake. Nchini Peru serikali iligawa kompyuta mpakato kwa wingi chini ya mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, na utafiti uliofanyika katika shule 319 za msingi, uliotolewa 2012, haukuona tofauti katika alama za hesabu na lugha. Watoto walikuwa na vifaa, lakini vifaa havikufungamanishwa na yale waliyokuwa wakijifunza wala na kazi ya mwalimu wao. Majirani zetu wa Kenya walianza kugawa vishikwambi kwa darasa la kwanza mwaka 2016. Hapa kwetu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 vilipelekwa kwa walimu, na hilo ninaliunga mkono kwa dhati, kwa sababu kifaa kilicho mkononi mwa mwalimu kinaweza kumsaidia kuwaona watoto wake, ilimradi kiwe na kitu cha kumwonyesha.

Nieleze sasa tunavyofanya, kwa kuwa wenzangu wameniuliza. Watoto 84 wamegawanywa makundi saba ya watoto 12, na kila kundi linapata dakika 20 mara mbili kwa wiki. Mtoto anapata dakika 40 kwa juma zima, basi. Wengine wakati huo wanafanya kazi ya ubaoni au wanasomeana wawili wawili, nami ninazunguka katikati yao. Sola yetu inachaji vishikwambi vyote vizuri wakati wa kiangazi. Masika yakianza tunachagua sita, na makundi yanakaa wawili kwa kifaa, jambo ambalo linavuruga kumbukumbu kwa sababu hujui jibu ni la nani. Siku hizo ninaandika kwa mkono.

Kazi hasa ipo Ijumaa mchana. Ninafungua rekodi, sisomi alama, ninasoma makosa. Ninatafuta majibu yanayorudiwa. Ninatafuta pia mtoto aliyejibu haraka mno, maana watoto waligundua mapema kwamba ukigusa majibu yote kwa zamu upesi upesi, mwishoni nyota inakuja. Mwaka 1953 mwanasaikolojia B. F. Skinner alitembelea darasa la hesabu la binti yake, akaona watoto wakingoja mpaka baadaye kujua kama wamepatia, na hapo ndipo alipoanza kutengeneza mashine yake ya kufundishia inayotoa jibu papo hapo. Aliona tatizo la kweli. Lakini mtoto anayepata tuzo papo hapo hujifunza pia njia fupi ya kuipata tuzo, na programu haina macho ya kuona kidole kinachokimbia kabla swali halijasomwa. Mimi ninayo.

Kutokana na rekodi hizo ninachagua watoto watano au sita wa wiki inayofuata, ninaandika majina yao na kosa la kila mmoja, na hao ndio ninaokaa nao asubuhi. Kabla ya hapo nilikuwa nikiwachagua kwa kukisia, na kwa kweli niliwachagua wale wanaosumbua. Watoto wakimya walinipita. Kuna binti mmoja ambaye kwa muda wa mwaka mzima hakuinua mkono darasani, nami niliamini hawezi kusoma. Rekodi ilionyesha kwamba aliifungua hadithi moja fupi mara kumi na moja katika siku tofauti, akiisikiliza na kuirudia sentensi kwa sentensi, na mara ya kumi na mbili aliisoma mwenyewe mpaka mwisho. Nilimuuliza kwa nini aliirudia kiasi kile. Alijibu akiangalia chini: "Chenyewe hakichoki, mwalimu." Nililipokea jibu hilo kwa uzito, kwa sababu lilieleza kitu kuhusu kishikwambi na kitu kuhusu mimi. Mashine humngoja mtoto bila kukunja uso, humruhusu akosee bila darasa zima kucheka, na kwa mtoto mwenye haya hiyo ni neema ambayo sina haki ya kumnyima.

Wazazi nao wana maswali yao. Babu mmoja alikuja shuleni akanisalimu, kisha akaniuliza kwa upole kama kweli mjukuu wake anatembea saa nzima asubuhi ili aje kucheza simu. Sikumhutubia. Nilimfungulia rekodi ya mjukuu wake, nikamwonyesha alichokosa Machi na alichopata Juni. Aliishika miwani yake kwa mkono mmoja akatazama muda mrefu, akasema, "Basi andikeni na kwenye daftari, nasi tuone nyumbani." Tangu hapo kila mwisho wa mwezi ninaandika mistari mitatu ndani ya daftari la kila mtoto, na kwa hakika ombi lile ndilo ningependa kulifikisha kwa wanaotengeneza programu: tupeni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaosema mtoto huyu anakosea hivi, bila michoro ya duara na asilimia, ukurasa ambao mwalimu mwenye dakika tano ataweza kuusoma na mzazi asiyejua kompyuta ataweza kusomewa.

Mtoto wa ile karatasi sasa yuko darasa la nne. Wiki iliyopita alikuja na daftari lake mwenyewe, bila kuitwa, akanionyesha 400 kutoa 173. Ameandika 327. Nilipomwomba anieleze, alieleza vizuri sana: kwenye mamoja hakuna kitu, akaenda kukopa, kwenye makumi nako hakuna, akageuza ile sifuri ikawa tisa, akaendelea. Mia nne yake imebaki mia nne vilevile, haikupungua, kwa sababu hajamwona bado yule aliyemkopesha. Nilifungua rekodi jioni ile nikakuta amelikosa swali la namna hiyo mara saba, na kila mara kwa njia hiyo hiyo.

Vijiti vya chelewa havitatosha safari hii, tunahitaji mia nne. Nimewaomba watoto wanaotoka upande wa minazi waje na makuti mawili mawili, na Jumatatu kabla ya kengele tutafunga makumi, kisha makumi kumi tutayafunga pamoja kwa kamba.